Kola Moja, Mlima Mzima

1

Maziwa yalikataa kuganda, na harusi ilikuwa kesho yake.

Mzee Nyamhanga, baba wa bibi harusi, alikuwa amekusanya maziwa ya boma zote za mlima wetu wa Kemoremba kwenye mapipa, akatia kianzio cha mtindi, akafunika, akangoja. Alipofunua alikuta maziwa yaleyale, meupe, mepesi, matamu. Akaongeza kianzio, akangoja tena, na bado yalikuwa matamu. Wanawake wakaanza kulaumiana: huyu anasema mapipa hayakuoshwa vizuri, yule anasema kuna mtu mwenye mkono mbaya. Mama yangu, Mugesi, ambaye hana subira na habari za mikono mibaya, akanipigia simu kazini Musoma akaniambia nije nionje.

Nilimwambia mimi ni fundi wa kola za ng'ombe, mtindi ni kazi ya wengine. Akakata simu. Mama yangu akikukatia simu, unapanda pikipiki.

Nilifika jua likiwa kali na betri ya pikipiki ikiwa imebaki na chaji ya kubahatisha, nikachovya kisomaji changu kwenye pipa la kwanza. Kisomaji ni kijiti chenye kioo kidogo juu; sisi mafundi wa kampuni ya kola hatutoki nyumbani bila hicho. Kioo kikawaka chekundu. Nikakisafisha, nikachovya pipa la pili, kikawaka chekundu tena. Ndani ya maziwa yale mlikuwa na dawa ya homa, dawa mbili za kuua bakteria na homoni ya kuongeza maziwa, vyote kwa pamoja. Ndiyo maana hayakuganda: vijidudu vya kianzio vilikuwa vinauawa kabla havijaanza kazi yao.

Nilipaswa kuogopa. Badala yake nilisisimka, maana mchanganyiko ule niliujua, na kwenye mlima mzima palikuwa na ng'ombe mmoja tu aliyeweza kuutengeneza. Ng'ombe huyo aliitwa Madoa, na alikuwa wa mama yangu.

2

Madoa ana Tabibu tumboni. Mjini watu wanalitaja jina hilo kama wanavyotaja sabuni, lakini Kemoremba lilikuwa bado geni, kwa hiyo nilimweleza Mzee Nyamhanga palepale kando ya mapipa yake. Tabibu ni vijidudu vilivyotengenezwa maabara. Vinaishi kwenye tumbo la kwanza la ng'ombe, na kazi yao ni kuonja afya yake saa zote. Homa ikipanda, vinatengeneza dawa humohumo tumboni, pamoja na homoni ya kurudisha maziwa, bila sindano na bila kumwita mtu. Ila Tabibu hajui mwenyewe aanze lini na aache lini. Anaambiwa na kola. Kola inakaa shingoni, inapima, inampa wito wa kuamka. Ng'ombe akipona inampa wito wa kulala. Taa ya kola ikiwa nyekundu, maziwa yanamwagwa. Ikiwa ya kijani, uza, kunywa, mpe mtoto.

Mzee akaniuliza: ng'ombe wake hawana kola, sasa huyo Tabibu wamempata wapi? Hilo lilikuwa swali zuri kuliko yote niliyoulizwa tangu nianze kazi. Tabibu anakufa akitoka tumboni. Hewa inamuua, samadi inamuua, na hasafiri kwenye maziwa. Tulifundishwa hivyo na watu wazito wa maabara, na mimi niliamini kila neno.

Nikageuka kumtazama mama. Mama akageuka kutazama mbuzi.

"Mama," nikamwambia, "Madoa amempa nani nini?"

Aliendelea kutazama mbuzi, na nikajua kwa nini. Kwetu ng'ombe akiugua akaacha kucheua, mwenyewe anakwenda kwa jirani mwenye ng'ombe mzima. Jirani anangoja ng'ombe wake arudishe tonge mdomoni alitafune upya, anapitisha mkono pembeni ya shavu, analichomoa likiwa bado la moto, na papo hapo linasukumwa kooni mwa mgonjwa pamoja na magadi kidogo. Tumbo lililolala linaamka. Jambo hilo haliombwi kwa maneno mengi, halishukuriwi na halisimuliwi. Ukilisimulia, wanasema, tonge linapoteza nguvu. Ndiyo sababu hakuna hata mmoja aliyekuwa amenitajia.

Aliyevunja kimya ni Mama Werema, jirani yetu wa ukuta kwa ukuta, mjane mwenye ng'ombe mmoja. Alisema kwa sauti ya chini kwamba Kijivu wake alipatwa na ndigana kali, ile homa ya kupe, akaacha kucheua, na Mugesi akampa tonge la Madoa. Kijivu akasimama, akala, na maziwa yakaongezeka mpaka akatafuta ndoo ya pili. Kisha watu wakaja kuchukua tonge kwa Kijivu, na wengine wakaenda kuchukua kwa hao watu.

Kutoka mdomo hadi mdomo, likipita mkononi kwa muda wa pumzi moja. Nilikalia ndoo iliyopinduliwa nikacheka mpaka Mzee Nyamhanga akaanza kunitazama kwa wasiwasi. Maabara nzima, yenye mazizi ambako kila ng'ombe anakula peke yake kwenye kichumba chake, haikuwahi kuufikiria mkono wa mama yangu. Na tazama kazi yake! Msimu ule ndama wa mlima mzima walikuwa hai. Ndigana kali, ugonjwa uliomaliza zizi la babu yangu, ulikuwa umepigwa na wanawake wenye vibonge vya magadi. Nilijisikia kama mtu aliyeshinda bahati nasibu bila kukata tiketi.

Halafu Nyangi, mjukuu wa Mama Werema, akaja akachota maziwa ya pipa kwa viganja, akanywa, akajifuta mdomo kwa gauni, akachota tena. Kicheko kikaniishia.

3

Tabibu akihamishiwa tumbo jipya huamka kwa mshtuko wa safari, na bila kola hajui kulala. Hilo ndilo nililojaribu kuwaeleza. Ng'ombe anapona, yeye anaendelea kutengeneza dawa, leo na kesho na mwezi ujao, na dawa inashuka kwenye maziwa. Mtoto anakunywa kidogo kila asubuhi. Bakteria walio mwilini mwake wanaizoea dawa, na siku atakayoshikwa na nimonia, hospitali itampa dawa hiyohiyo na haitamsaidia kitu. Kuhusu homoni nilikuwa na jibu baya zaidi: hakuna anayejua inamfanya nini mtoto anayeinywa kila siku, kwa sababu haikutakiwa kabisa imfikie.

Mzee Nyamhanga alisikiliza kwa adabu, kisha akasema tutayachemsha. Nikamwambia kuchemsha hakuondoi. Akasema basi tutayanywa mabichi. Wageni wa upande wa bwana harusi walikuwa njiani, maziwa hayana harufu, hayana ladha mbaya, na tangu yaanze kuwa mengi hakuna aliyekufa. Alitaka nimtajie mtu mmoja tu aliyeugua. Sikuwa naye, na watu wakatikisa vichwa wakamwona mzee ndiye mwenye busara. Niliudhika hadi nikauma ulimi, kwa sababu hata mimi, kama singekuwa na kisomaji mkononi, ningesimama upande wake.

Mama alinivuta kando akataka kujua sheria inasemaje. Nilimwambia bila kuficha. Ng'ombe ambaye Tabibu wake anafanya kazi bila kola anauawa na kuchomwa siku hiyohiyo, na kwa hesabu yangu hao walikuwa karibu ng'ombe wote wa Kemoremba. Nikipiga simu Musoma, mlima unabaki na mbuzi. Nikinyamaza, watoto wanaendelea kunywa.

"Na Tabibu aliyelala?" mama akauliza.

"Aliyelala si kosa. Anayefanya kazi ndiye kosa."

"Basi walaze."

Nikaanza kumweleza kwa nini haiwezekani. Kila Tabibu anatengenezwa pamoja na kola yake, ukoo mmoja na wito mmoja, ili watu wasiibiane. Wito unafungiwa ndani ya kola, hata sisi mafundi hatuujui, na kola ya Madoa haiwezi kusema na Tabibu wa ukoo mwingine. Hapo nikanyamaza katikati ya sentensi. Nikakimbia kwa Mama Werema, nikaweka kisomaji kwenye ubavu wa Kijivu, nikatazama ukoo. Nikavuka kwenda boma la pili, la tatu. Nilirudi nikihema, na nadhani nilipiga yowe, kwa sababu kuku walitawanyika.

Ukoo ulikuwa mmoja. Tabibu wote wa mlima ule walikuwa wametoka kwenye tonge la Madoa, kwa hiyo wote wangeisikia kola ya Madoa. Ivalishe ng'ombe, muda wa kumkamua mmoja, Tabibu analala. Ivue, nenda kwa anayefuata. Sheria ingewakuta wote wamelala, na sheria haina neno na aliyelala.

Tatizo lilikuwa moja. Kola ikifunguliwa shingoni, Musoma wanajua palepale. Mkuu wangu, Dakta Senkoro, angepanda kindege chake cha ukaguzi, na angekuwa juu ya mlima wetu kabla ng'ombe wa jioni hawajakamuliwa. Na fundi anayefungua kola ya ng'ombe mwenye leseni ya Tabibu anapoteza kazi. Hilo nilikuwa nimelisaini mwenyewe, tena kwa kalamu nzuri.

Nilikuwa bado nalipima hilo wakati mama alipomwendea Madoa, akamkuna chini ya kidevu, akaifungua kola kwa vidole vyake.

"Madoa ni wangu," akasema. "Panda pikipiki."

4

Sijawahi kuendesha vile na sitarudia. Mama alikaa nyuma, kola mkononi, akinielekeza njia za mkato ambazo hata mbuzi wanazikwepa. Tulikuwa tukifika kwenye boma, anashuka kabla sijasimama, anasalimia haraka, anaivalisha kola ng'ombe wa kwanza huku akiongea naye kwa Kikurya, kwa sauti ya chini. Mimi nashika kisomaji ubavuni nikingoja. Kioo chekundu. Bado chekundu. Halafu kinapauka, kinakuwa cheupe, Tabibu amelala, na mama keshavuta kola anakwenda kwa mwingine.

Mara ya kwanza kioo kilipopauka nililia kwa furaha. Mara ya pili niligonganisha viganja na mwenye boma, mzee aliyekuwa hajui tunafanya nini. Kwenye boma la tatu vijana walikuwa wamekwisha kusikia, ng'ombe wakawa wamefungwa mstari wakitungoja, na kuanzia hapo kazi ilikwenda kama mchezo. Watu waliitana kutoka kilima hadi kilima. Kila boma nilirudia maneno yaleyale: maziwa ya leo na ya siku zijazo mwageni, mpaka nirudi kupima. Wengine waliitikia. Wengi waliitikia kwa midomo tu, na niliwaona wakifunika ndoo zao.

Mzee Nyamhanga mwenyewe aliruhusu ng'ombe wake walazwe, tena alitushikia pembe za dume lake lenye hasira. Kuhusu mapipa hakutaka kusikia. Alisema ng'ombe ni ng'ombe na harusi ni harusi.

Nilimwacha Kijivu awe wa mwisho kwa sababu zizi lake lilikuwa karibu na letu. Tuliingia tukiwa tumejaa vumbi na ushindi, mama akaimba kidogo, nikaifunga kola shingoni mwa Kijivu mimi mwenyewe. Taa yake ikawaka nyekundu ikagoma kubadilika. Nikashika sikio la ng'ombe, likawa la moto. Nikasoma kisomaji mara mbili kwa sababu sikutaka kuamini.

Kijivu alikuwa hajapona. Ndigana ilikuwa bado kwenye damu yake, na kilichomsimamisha ni Tabibu peke yake, akipigana nayo kila saa. Kola ilikuwa imeliona hilo ikakataa kumlaza. Ningeweza kuilazimisha, mafundi tuna njia yetu. Tabibu angelala, na Kijivu angekufa. Ningeweza pia kuivua na kumwacha alivyo, akakutwa na Tabibu anayefanya kazi bila kola. Angechomwa. Njia ya tatu ilikuwa kumwachia kola, imwongoze Tabibu mpaka homa iishe.

Kola ilikuwa moja. Na juu ya bonde nilianza kusikia kindege.

5

Nitasema nilichofikiri, maana nilikifikiri kweli. Nilifikiri: mrudishie Madoa kola, mwambie Dakta ilikwama kwenye uzio ikafunguka. Mlima mzima umelala, kazi yangu ipo, leseni ya mama ipo, Madoa analindwa na ndigana kama zamani. Kinachopotea ni ng'ombe mmoja. Nilimtazama Mama Werema. Alikuwa amesimama mlangoni mwa zizi na Nyangi kiunoni, na alikuwa ameelewa. Kijivu alikuwa ndiye ng'ombe pekee aliyebaki wa mahari ya binti yake Robhi, na Robhi alikuwa amefariki akamwachia Nyangi. Hakuniomba kitu. Nilichukia kwamba hakuniomba, maana angeniomba ningekuwa na la kubishana nalo.

Nikamwuliza mama. Nilimkumbusha kwamba bila kola kampuni haitanunua tena maziwa ya Madoa, na kwamba Madoa akishikwa na ndigana, Tabibu wake atalala tu tumboni hajui kama kuna vita.

"Madoa leo ana homa?" akauliza.

"Hana."

"Kijivu?"

Mama alikaza mkanda wa kola shingoni mwa Kijivu tundu moja zaidi, kwa sababu Kijivu alikuwa amekonda.

Dakta Senkoro alitua kwenye shamba la mahindi yaliyovunwa, akashuka na vijana wawili wenye vifaa vya kuchomea. Ni mtu mpole, na upole wake ndio ulionitia hofu. Alipita boma kwa boma hadi jua likaanza kuinama, nami nikimfuata. Kila ubavu aliougusa kisomaji chake kilikuwa cheupe. Alinitazama, akatazama ng'ombe, akatikisa kichwa, na sitasahau kwamba mara moja alitabasamu. Alikuwa mwanasayansi kabla ya kuwa mkuu, na alijua alichokuwa anakiona.

Kwa Kijivu hakutabasamu. Alisoma jina la Madoa kwenye kola, akanivuta nyuma ya zizi akaniambia kwa sauti ya ndugu kwamba kila mtu hukosea. Niseme tu kola ilichomoka. Tuirudishe kwa mwenyewe, huyu mgonjwa achomwe, taarifa iwe fupi, na Jumatatu nije kazini kama kawaida.

Nilitazama juu ya ukuta wa zizi, nikaiona taa nyekundu ya kola.

"Haikuchomoka, Dakta," nikasema. "Kwa Madoa ilifunguliwa, kwa huyu nimeifunga mimi. Sheria inasema Tabibu asiye na kola. Huyu anayo."

Dakta akanyoosha mkono, nami nikamvulia kitambulisho changu cha kazi nikamkabidhi pamoja na kisomaji. Aliwaambia vijana wafunge vifaa vyao. Kola ya ng'ombe mgonjwa haivuliwi mpaka taa iwe ya kijani, akasema, hiyo pia ni sheria, na atakuja mwenyewe kuiangalia. Leseni ya mama ikafutwa palepale. Mama akaitikia kama mtu aliyeambiwa kesho kuna mvua.

Nilimwomba Dakta jambo moja, azungumze juu ya mapipa. Akasema hana mamlaka hayo. Sheria ilikuwa ya ng'ombe. Maziwa yaliyokwisha kukamuliwa kwa ajili ya nyumbani hayakuwa na sheria. Akaenda kwenye kindege chake, akiwa amenibeba mimi mzima mfukoni mwake, miaka yangu yote ya kazi.

Saa ya kukamua ikafika. Mzee Nyamhanga alikuwa amekuja hadi zizini kwa Mama Werema, yeye na watu wa harusi, kuona kama ng'ombe kachomwa. Walimkuta Mama Werema amechutama ubavuni mwa Kijivu, ndoo katikati ya magoti. Maziwa yalikuwa mengi, yana povu, na Nyangi alikuwa keshafika na kikombe chake amekinyoosha mbele. Mama Werema alimaliza kukamua. Alisimama, akainua uso kuitazama taa ya kola, akaitazama vizuri kama mtu anayesoma. Ilikuwa nyekundu. Akaigeuza ndoo, akamwaga yote chini, hadi tone la mwisho.

Nyangi alilia. Bibi yake alimbeba, akachukua unga, akawasha moto wa uji wa maji.

Mzee Nyamhanga alisimama pale akilitazama lile doa jeupe likinywewa na ardhi. Mtu mwenye ng'ombe mmoja alikuwa amemwaga, mbele yake, na yeye ana zizi zima. Alivua kofia, akaivaa tena, akapanda njia ya kwake bila kuaga. Tulidhani amekasirika. Kisha tukasikia pipa la kwanza likianguka, na la pili, na maziwa ya harusi yakateremka mlimani kwenye njia ya ng'ombe mpaka yakafika miguuni kwetu.